Besi Iliyomezwa Ukutani

Roboti la kuchimba mitaro lilikuwa likipasua zege chini ya ghorofa, na chai kwenye kikombe cha Mzee Gervas Mkude haikutikisika hata kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya kimezangurumo. Mtambo huo, uliofichwa ndani ya kuta za majengo yote marefu ya Morogoro mpya, huusikia mngurumo unapokuja, hutoa mngurumo mwingine wa kinyume chake, na hiyo miwili ikikutana hufutana. Maongezi ya watu hupita, mlio wa birika hupita. Mtetemo mzito haupiti. Aliyeubuni ni Injinia Ponsiano, mwanawe Mzee Gervas, na mji ulimpenda kwa hilo, maana watu walipata usingizi.

Alasiri hiyo Ponsiano alimletea baba yake sabufa, ile spika ya sauti nzito. Mzee alikuwa mpiga gitaa la besi, na gitaa aliliacha kwa sababu masikio yake, kama alivyosema, yalikufa upande wa besi. Mtoto alitaka baba aisikie tena besi yake mwenyewe kwenye santuri ya bendi yao, walau mara moja kabla hajafumba macho.

Amplifaya ya mzee ilikuwa ya kizamani, ya spika mbili, kulia na kushoto, isiyo na tundu la sabufa. Ponsiano hakubabaika. Alitoa nyaya palepale zinapofungwa spika, akazipeleka nyuma ya sabufa, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Akageuza kitufe cha kugawa sauti, nyembamba zibaki kwenye spika ndogo, nzito zishuke kwenye sabufa. Kisha akaweka santuri.

Tarumbeta zikaja. Gitaa la solo likaja, na sauti ya Kobelo, mwimbaji wao. Besi haikuja.

“Usijisumbue, mwanangu,” mzee alisema. “Si uliniambia mwenyewe kuwa ni uzee?”

Ni kweli alimwambia, tena kwa simu, akiwa na haraka ya kikao. Kisha akamtumia vifaa vya kumsaidia kusikia, akajiona ametimiza wajibu.

Alikagua nyaya, zilikuwa sawa. Aliweka kiganja kwenye sabufa, akaikuta inatetemeka kwa nguvu zote. Lakini hata yeye, mwenye masikio mazima, hakusikia kitu. Hapo akaelewa: besi ilikuwa ikimezwa na kuta. Mtambo wake aliuagiza umeze kelele za nje na kuuacha muziki wa nyumbani, ila aliuruhusu pia ujifunze kutokana na malalamiko ya wapangaji, na kwa akili hiyo alijisifu mbele za watu. Kumbe majirani walililalamikia gitaa la baba yake. Mtambo ukajifunza kuimeza besi yake.

Akafungua kibao cha ukutani, akauzima.

Besi ikaingia chumbani, nene na tulivu. Mzee alivua ndala akakanyaga sakafu kwa nyayo tupu, na vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kubonyeza nyuzi zisizokuwepo. Ponsiano alifurahi, lakini furaha hiyo haikudumu. Wimbo ulipokwisha, baba aliuliza kimetengenezwa nini, na mtoto akamweleza yote bila kuficha.

Mzee aliinua sindano kwenye santuri.

“Kobelo alikuja hapa akiwa mgonjwa,” alisema. “Aliniomba tupige pamoja kwa mara ya mwisho, mimi na yeye tu. Nikamwambia sisikii, nitamharibia. Alinibembeleza, nikakataa. Akaondoka mnyonge, na kabla ya Pasaka tukamzika.”

“Nisamehe, Baba.”

“Nimekusamehe. Lakini nilikuwa nasikia, Ponsi. Nilikuwa nasikia, na nilimkatalia.”

Ponsiano akainamisha kichwa.