Unywele wa Kulinganishia

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata binamu yangu wa kike, na ni yeye mwenyewe aliyenisimulia, akili zake timamu. Usiposadiki, shauri yako.

Binamu alikuwa fundi katika maabara ya chuo kikuu yenye mashine ya ioni, bomba refu la chuma linalorusha mwale wa chembe zisizoonekana kwa macho. Kazi yao ilikuwa kuwapimia watu vitu: udongo wa migodini, meno ya kale, vumbi la viwandani, nywele. Ukiupiga unywele kwa mwale ule, kila kilichomo hujitaja, na kompyuta huchora vilima: hiki zinki, hiki risasi, hiki aseniki, ile sumu. Na kwa kuwa unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, ukiupima kutoka ncha hadi shina unausoma kama kalenda. Mtu alikula sumu mwezi gani? Unywele utakwambia.

Kila Jumatatu, kabla ya kugusa vya wateja, walipima kwanza unywele wa mtu mwenye afya, wa kulinganishia. Ulipowaishia, binamu hakutaka makuu. Akachomoa kwenye kitana unywele wa binti yake wa pekee, mtoto wa miaka tisa waliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Akakata sentimita sita, akazigundisha kwenye fremu ya plastiki, akachora alama ya penseli pale shina lilipoishia. Ukapimwa. Safi.

"Profesa, mwanangu hana doa," akatamba.

"Ana mdomo tu," profesa akacheka.

Jumatatu ya tatu, unywele ulikuwa umeipita alama kwa sentimita mbili.

Sasa, unywele uliokatwa haukui. Hilo halihitaji shahada. Binamu akaupima upya. Sentimita sita za mwanzo, safi. Ya saba, aseniki imeanza kuinuka. Ya nane, kilima kimegonga ukingo wa juu wa skrini. Kisha unywele ukaishia hapo. Alikuwa akisoma miezi miwili ambayo haijafika.

"Uchafu huo," profesa akasema. "Safisha fremu, tuendelee."

Akasafisha. Vilima vikabaki vilevile.

Kasuku alikuwa mzima, anaruka kamba, anapiga domo. Ila binamu, mama yake, alishaingiwa na hofu ya mauti. Akaanza kubeba nyumba kwenda maabara, kidogo kidogo: maji ya bomba, unga, mafuta, sabuni, rangi ya ukutani, hata udongo wa pale mtoto alipochezea. Kila kitu alikipiga mwale. Kila kitu kikatoka safi. Angekuta sumu angeshukuru, maana angejua pa kuiondoa.

Dada yake mkubwa akamsikiliza hadi mwisho, akashusha sauti.

"Mdogo wangu, hiyo ni mikono ya watu. Mashine yako haitaiona."

Akampeleka kwa mtu wa dawa. Wakapewa unga mweupe ndani ya kitambaa cheusi. Kidogo kwenye uji, kila asubuhi. Kinga. Ila usiupeleke mbele ya mwanga wowote, wakaambiwa, nguvu zake zitakufa.

Mfa maji haachi kutapatapa. Binamu akatii.

Wiki ya tatu ya uji ule Kasuku akaanza kutapika. Mama akaongeza unga. Mtoto akalalamika viganja vinawaka moto. Akaongeza tena. Mpaka mwezi wa pili unaelekea ukingoni, Kasuku alikuwa kitandani hospitalini, kimya. Kasuku, kimya!

"Amekula nini?" daktari akauliza.

Binamu akataja vyote, kimoja kimoja, na vyote alishavipima. Akafika kwenye uji. Unga ule hakuwa ameupima.

Alikimbia nyumbani akachukua kile kitambaa cheusi, akafika maabara na viatu vya ndani. Akafungua kitambaa. Akaweka chembe kwenye fremu. Akawasha mwale.

Kilima kimoja. Kikapanda. Kikagonga ukingo wa juu wa skrini.

Akapiga simu hospitalini akipiga kelele. Aseniki! Aseniki! Sauti ya upande wa pili ikamwambia taratibu, "Mama, njoo kwanza."

Ilikuwa miezi miwili kamili tangu unywele uipite alama.

Siku chache baada ya maziko alirudi kuchukua vitu vyake. Fremu ilikuwa kwenye droo aliyoifunga mwenyewe, na ufunguo alikuwa nao shingoni. Unywele wa Kasuku uliishia palepale. Ubavuni mwake ulikuwapo wa pili, umegundishwa vizuri, mweusi mwanzoni na mweupe mbele, umeizunguka fremu mizunguko isiyohesabika. Profesa akaapa hakuugusa.

Binamu akaupima wote, siku nzima. Kisha akaleta fremu kwangu.

"Ni wa nani?" nikamnong'oneza.

Akavua kitambaa cha kichwa. Mvi za kwanza zilikuwa zimeanza kuchomoza.

"Sentimita mia tano," akasema. "Nimebakiwa na miaka arobaini na zaidi, ndugu yangu. Nimetafuta sumu mpaka mwisho. Haimo hata chembe."

Akalia hapo sebuleni kwangu.