Nguzo Zilizoanza Mia Tisa

Kila asubuhi Ugbad Bishar alipeleka maziwa kwa wateja watatu wa mama yake mjini Garissa, akarudi kunawa vumbi miguuni, kisha akakimbia shuleni kabla jua halijaanza kuchoma. Alikuwa Gredi ya Saba, na darasani mwao hakuna aliyemfikia kwa kuchora. Ndiyo maana Siku ya Wazazi ilipokaribia, Mwalimu Mohamednoor wa hisabati alimkabidhi kurasa mbili za takwimu za serikali.

Ukurasa mmoja ulionyesha idadi ya watu waliohamia mjini kutoka nchi nyingine, mwaka hadi mwaka, kwa miaka minne. Wa pili ulionyesha riba ambayo benki nchini huwatoza wanaokopa ili kununua nyumba.

"Mwalimu, kwetu hatuchukui mikopo ya riba," Ugbad alisema.

"Hata kwangu hatuchukui," mwalimu akacheka. "Lakini kusoma takwimu si kukopa. Chora, watu waone."

Jioni Ugbad alitandika karatasi ya manila sakafuni. Waliohamia walikuwa 910, kisha 930, kisha 950, na mwaka wa mwisho 980. Alianza kuhesabu kutoka sifuri, akachora nguzo nne. Zote zilikaribia kulingana urefu.

"Nani atasimama kuangalia hii?" alinung'unika.

Akageuza karatasi. Safari hii mstari wa chini hakuuandika sifuri, aliuandika 900. Lo! Nguzo zikapanda kama ngazi, ya mwisho ikawa ndefu mara nane kuliko ya kwanza. Kando yake akachora mstari wa riba, nao ukipanda. Juu akaandika kwa rangi nyekundu: WAGENI WAONGEZEKA, RIBA YA NYUMBA YAPANDA.

Kesho yake wanafunzi walijazana mbele ya ubao wa matangazo alipoibandika karatasi hiyo. Ugbad alijisikia vizuri sana, mpaka mwenzao Jelle alipomgeukia Rahmo, msichana aliyeketi dawati moja na Ugbad.

"Kumbe ni nyinyi mnaotupandishia nyumba!" Jelle alisema kwa sauti. Wengine wakacheka.

Rahmo na familia yake walikuwa wametoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia miaka mitatu iliyopita. Rahmo alichukua vitabu vyake, akahamia dawati la nyuma.

Wakati wa mapumziko Ugbad alimfuata. "Rahmo, mimi sikukutaja."

"Uliandika wageni. Hapa darasani mgeni ni nani?" Rahmo aliuliza, macho yakiwa yamelowa. "Hooyo, mama yangu, asije Siku ya Wazazi. Sitaki asome ile karatasi."

Ugbad alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mohamednoor, akamweleza yote, hata ile mia tisa.

"Lakini wallahi, mwalimu, namba ni zile zile," alimalizia.

"Namba ni za kweli. Picha ndiyo iliyodanganya," mwalimu alisema taratibu. "Na hiyo riba ni ya nchi nzima. Watu wa mji mmoja wataipandishaje? Miaka hiyo hata bei ya mbuzi ilipanda. Tuseme ni mbuzi waliopandisha riba?"

Ugbad alitabasamu kidogo, kisha akainamisha kichwa. "Niichane?"

"Wewe unaonaje?"

Ugbad alifikiri. "Nikiichana, walioiona watabaki na ile picha kichwani."

Alimwendea Rahmo, akamwomba radhi, akamsihi amlete mama yake. Rahmo hakuahidi chochote.

Siku ya Wazazi ilipofika, Ugbad alisimama mbele ya watu akiwa na karatasi mbili. Mlangoni aliona Rahmo akiingia na mama yake, Hani.

"Karatasi hii niliichora mimi, na inapotosha," alianza. Akaonyesha alipoanzia mia tisa, kisha akainua ile mpya, iliyoanza sifuri. "Watu wameongezeka kidogo tu. Na hakuna mahali takwimu hizi zinaposema wao ndio waliopandisha riba. Hilo nililiongeza mimi ili grafu yangu ipendeze. Naomba msamaha."

Jelle alijipenyeza hadi alipokuwa Rahmo, akamnong'oneza, "Pole, nilikosea."

Mwalimu Mohamednoor akasimama. "Watoto, wengi wetu tutaamini tunachoonyeshwa bila kupima. Kwa hiyo anayeonyesha lazima awe mkweli. Na akikosea, aseme mbele ya wale wale aliowaonyesha, kama Ugbad."

Watu walipoanza kutawanyika, Hani aliisogelea grafu mpya, akaweka kidole kwenye nguzo ya pili.

"Huu ndio mwaka tuliokuja. Sisi sita tumo humu?"

"Ndiyo, eddo. Mmo humu," Ugbad alisema, akimwita shangazi kwa heshima.

Hani akatabasamu. "Basi, binti yangu, kila ukichora, kumbuka kuwa ndani ya nguzo mna watu."