Maji ya Furu

Kila alipotoka shule, Kidoti alivua viatu mlangoni, akavua ufunguo shingoni na kuingia kwenye nyumba isiyo na mtu. "Nimerudi," alisema. Waliokuwepo kumpokea ni furu tu, samaki wadogo wa ziwani waliofugwa kwenye tangi la kioo sebuleni. Walikimbilia kioo wakidhani ameleta chakula, na kwake hayo yalikuwa mapokezi tosha. Akavuta kigoda, akawasimulia ya darasani.

Samaki walikuwa wa kaka yake aliyekwenda shule ya bweni. Mama alishona nguo kiwandani, akarudi giza limeingia, miguu imevimba na maneno yamemwishia. Shuleni nako wenzake walimtania. "Mama Furu, wanao hawajambo?" Kidoti alicheka nao, kisha akaenda kukaa peke yake nyuma ya darasa.

Wiki moja furu jike mmoja akagoma kula. Mashavu yalimvimba kama mtu aliyetia maji ya kusukutua akasahau kuyatema. Kaka alipopiga simu Jumapili, Kidoti alimweleza kuwa samaki anaumwa.

"Haumwi huyo, acha woga," kaka alicheka. "Amebeba watoto mdomoni. Hali mpaka awatoe. Angalia tu maji yasichafuke. Mwambie mama muyapunguze kidogo, muongeze ya bomba yaliyolala ndooni usiku kucha."

Jumatatu mama alichelewa, na Jumanne vilevile. Tena alikwishaonya: "Siku nikikuta umechezea maji yale peke yako, nawagawa samaki wote. Sitanii."

Jumatano maji yakaanza kunuka. Kidoti akachukua mpira mwembamba wa maji, akatumbukiza ncha moja tangini, nyingine akaitia mdomoni na kuvuta ili maji yatiririke ndooni, kama alivyozoea kumwona kaka akifanya. Kaka alijua kuuchomoa mapema. Yeye hakujua. Funda zima likashuka kooni na uchafu wake wote. Akakohoa, akasukutua, akamaliza kazi, akapangusa sakafu hadi ikakauka. Hakuna aliyeona.

Kesho yake tumbo likaanza kumsokota. Jioni alitapika na kuharisha, mama akamkimbiza zahanati.

"Umekula nini, binti?" daktari aliuliza.

"Mkate na chai. Na kiporo."

"Maji je?"

"Ya nyumbani, ya kuchemsha."

"Hakuna kingine? Fikiri vizuri."

Akilini Kidoti aliwaona furu wakiondoka ndani ya ndoo ya mtu mwingine, na sebule ikibaki kimya. "Hakuna."

"Basi ni mimi, daktari," mama alisema. "Nilimwachia kile kiporo kwa kuwa sikupata muda wa kupika. Nimemlisha mwanangu sumu kwa mkono wangu." Akafunika uso kwa kanga, akalia palepale mbele ya watu.

Kidoti hakuwahi kumwona mama akilia. Hilo lilimuuma kuliko tumbo.

"Siyo kiporo, mama. Nimekunywa maji ya furu. Nilivuta mpira kwa mdomo. Usiwagawe, tafadhali. Ukiwagawa nitabaki na nani?"

Mama akamkumbatia. Daktari akashusha pumzi. "Afadhali umesema. Ningetibu kwa kubahatisha. Sasa najua pa kuanzia."

Dawa zikamfaa. Aliporudi nyumbani, mama alivuta kigoda cha pili na kuketi naye mbele ya tangi, ambamo yule jike alikuwa bado amevimba mashavu.

"Hawa hawaendi popote," alisema. "Nimeomba ruhusa ya Jumamosi, tutabadilisha maji wote wawili. Mpira unajazwa maji ya bomba kwanza, hautiwi mdomoni. Na kaka yako, yule mwalimu wako wa bweni, nitamvuta masikio, asubiri likizo."

Kidoti akacheka kidogo. Mama hakucheka. Alimshika mkono.

"Nisikilize vizuri, mwanangu. Ukiumwa ukaulizwa, sema kila kitu, hata kile nilichokukataza. Usiniogope mpaka ukajiua. Nitafoka, ndiyo, nitafoka mpaka majirani wafungue madirisha. Lakini nikimaliza kufoka, nataka nikukute bado upo."