Mama Bandu Ataja Jina

Jengo la Mhaskar lilikuwa na vyumba arobaini na bomba moja. Maji yalikuja saa kumi alfajiri na kukatika saa kumi na mbili. Hapo katikati yalitoka kwa kukohoa. Foleni ilikuwa ndefu ajabu. Watu wanasema kuna bibi aliingia foleni akiwa mjamzito, akatoka na mtoto anayetambaa. Mimi sikuwepo, lakini foleni ile niliiona, na naamini.

Wa kwanza kwenye foleni karibu kila siku alikuwa Mama Bandu. Mumewe alifuma nguo katika kiwanda kimoja cha Parel, hapo hapo Bombay. Yeye alikuwa na ndoo mbili za shaba na ulimi mmoja. Ulimi mmoja ulimtosha.

"Sukuma tena uone," alimwambia jirani aliye nyuma yake. "Nitakumwagia, halafu urudi mwisho wa foleni ukiwa umeshaoga."

Asubuhi moja ya Alhamisi alishuka Nesi Malati, aliyekaa ghorofa ya tatu. Nesi huyu alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa jengo lile, kwa hiyo akisema, watu husikiliza.

"Jamani, mmeangalia orodha ya wapiga kura?" aliuliza. "Imebandikwa ukutani pale shule ya jiji. Uchaguzi wa baraza la jiji ni mwezi ujao."

"Hayo ni mambo ya wenye nyumba," Mama Bandu alisema. "Wanaolipa kodi kubwa."

"Ilikuwa zamani, dada. Sasa kila mtu mzima ana kura yake. Mwenye nyumba moja, mfagiaji moja, na wewe moja. Bomba hili ni la nani?"

"La shetani."

"Ni la baraza la jiji. Diwani wetu ametuahidi bomba la pili mara tatu. Safari hii ana mpinzani, mwalimu Shirke. Mchague mnayemtaka. Lakini kwanza jina lako liwe kwenye orodha, na lako halimo."

Mama Bandu aliweka ndoo chini. "Halimo vipi? Karani alikuja mpaka mlangoni!"

"Ulimwambia unaitwa nani?"

"Mama Bandu."

"Na mumeo?"

"Nilimwambia, ni baba Bandu, yeye huyo."

Foleni yote ilicheka. Nesi Malati hakucheka. "Mama Bandu wamo sita mtaa huu," alisema. "Serikali itajuaje ni yupi? Wamewafuta. Jengo hili peke yake wamefutwa wanawake thelathini na mmoja. Jumamosi ndiyo mwisho wa kurekebisha. Ikipita, diwani atachaguliwa na waume zenu, na waume zenu hawachoti maji."

Maneno hayo yaliwaingia. Kesho yake, baada ya kupika mikate ya mtama, wanawake thelathini na mmoja walitoka pamoja na Nesi Malati, sari zimefungwa kiunoni. Walijaa barabara. Tramu ilisimama. Dereva alidhani ni maandamano, akavua kofia.

Kwenye ofisi ya kuandikisha wapiga kura walimkuta karani mwembamba, Bwana Pednekar, mwenye miwani na uso wa mtu aliyekula ndimu.

"Jina lako kamili, mama?"

Mama Bandu alisogea mezani. Miaka kumi na tisa hakuna aliyemwita kwa jina lake. "Anusaya," alisema polepole.

"Vizuri. Jina la mume?"

Mama Bandu alitazama mlango. Mke wa kwao hatamki jina la mumewe. Mama yake hakulitamka la baba yake, wala bibi yake la babu. Kulitaja hivi hivi, mchana, mbele ya mwanamume mgeni, ni kama kuvua sari njiani.

"Ni yule mrefu," alisema. "Wa kiwandani. Ana kovu hapa."

"Mama, siwezi kuandika 'Yule Mrefu mwenye Kovu'."

"Dada Malati analijua. Atakwambia yeye."

"Sheria inataka litoke kinywani mwako wewe mwenye kuomba." Karani alitazama saa. "Kama hulitaji, nitaita mwingine."

Nyuma ya Mama Bandu wanawake thelathini waliinamisha macho. Yeye akishindwa, watarudi nyumbani wote. Wote walijua hivyo. 

Nesi Malati akamsogelea sikioni. "Siku ya harusi yako ulilitaja au hukulitaja?"

"Nililitaja. Lakini ilikuwa kwa shairi! Bibi harusi hulitaja ndani ya shairi, hiyo haina ubaya."

"Basi? Sheria imekataza shairi?"

Mama Bandu alimtazama karani. Akavuta upindo wa sari ukafunika kichwa vizuri, akafumba macho, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

*"Bangili zangu kijani, mkononi zinalia,*
*Sakharam wa nyumbani, ndoo ananishikia!"*

Ofisi ililipuka kwa vicheko na makofi. "Mwongo huyo!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Sakharam hajawahi kushika ndoo hata ya kunawia!"

"Andika, Bwana karani!" wengine walisema. "Andika kabla hajabadilisha!"

Bwana Pednekar aliuliza jina la ukoo, akaandika: Anusaya Sakharam Ghadge. Aliuma midomo kuzuia kicheko. "Anayefuata," alisema. "Na awe na shairi."

Walifuata thelathini, na mashairi thelathini. Mmoja alimsifu mumewe masharubu. Mwingine alimshtaki kwa kukoroma. Makarani wa chumba cha pili waliacha kazi wakaja kusikiliza, na wa chumba cha tatu wakawafuata. Muuza chai alimaliza chai, akauza maji ya moto, nayo yakaisha. Jioni Bwana Pednekar alirudi kwake anatabasamu, na mkewe akaita daktari.

Habari ilifika kiwandani kabla ya Sakharam kumaliza zamu.

"Hujambo, Bwana Mshika Ndoo?" wenzake walimsalimu.

Alirudi nyumbani amekunja uso. "Mama Bandu, umenifanya nini?"

"Nimekusifu, baba Bandu. Unataka niende kwa karani nikamwambie ni uongo? Jina litafutwa tena."

Sakharam alifikiri sana. Kumfanya mkewe mwongo mbele ya serikali hakutaka. Alfajiri ya kesho yake alionekana kwenye foleni na ndoo mbili za shaba. Baada ya saa nzima bila kupata tone alisema, "Kumbe hii ni taabu!" Wanawake wakamshangilia kama aliyegundua bara jipya.

Asubuhi ya uchaguzi Sakharam alisema, "Nyumba yetu tunaipigia kengele." Kengele ilikuwa alama ya diwani wa zamani. Alama ya mwalimu Shirke ilikuwa mwavuli.

"Wewe ipigie kengele," mkewe alijibu. "Yangu ni siri. Nesi amesema hata mume haulizi."

Nesi alikuwa amewafundisha kila kitu. Kila mgombea ana sanduku lake lenye alama yake. Karatasi haiwekwi juu ya sanduku kama maua ya sadaka. Inatumbukizwa ndani ya tundu, mpaka isionekane tena.

Kituoni wanawake walivaa sari za sikukuu. Karani aliita, "Anusaya Sakharam Ghadge!"

Hakuna aliyetoka.

"Anusaya Sakharam Ghadge!"

Mama Bandu aligeuka kumtafuta mwanamke huyo mzembe anayechelewesha watu. Nesi Malati akamfinya. "Ni wewe!"

"Mimi!" alipiga kelele. "Nipo! Nimekuja!"

Alipakwa wino kidoleni, akapewa karatasi, akaingia nyuma ya pazia. Alitoka amenyoosha shingo kama bibi harusi.

"Umeweka wapi?" Sakharam alimnong'oneza.

"Kwenye sanduku."

Mwavuli ulishinda. Kama kura yake ilikuwamo, hajasema mpaka leo. Lakini diwani mpya alijua vizuri ni jengo gani lililokuja kituoni lote, wake kwa waume. Kabla ya mvua kuanza, mafundi wa jiji walichimba uani, na maji yakatoka mabomba mawili, bila kukohoa.

Foleni ikawa fupi. Wanawake wakapata muda wa kukaa kwenye ngazi na kuzungumza. Ngazi zilikuwa giza, na Mama Bandu alikuwa ameshajikwaa mara mbili. Wakamwandikia diwani barua kuhusu taa. Nesi aliandika maneno, na kila mmoja akasema jina lake liandikwe chini, jina lake mwenyewe, yote thelathini na moja.

Diwani Shirke aliisoma barua hiyo mezani kwake, majina yote, moja moja. Kisha akaomba aletewe viatu vyake, aende akazione ngazi hizo mwenyewe.