Mama Aliyekuwa Nje ya Lango

Walinituma sukari na mishumaa, basi. Jua lilikuwa linazama, umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na duka la karibu lilikuwa limefungwa. Ikabidi nizunguke mpaka nyuma ya gereji. Niliporudi kwenye duka la ushonaji la wifi yangu, tulikuwa watu wazima watano.

Nilipoondoka tulikuwa wanne.

Ngoja kwanza nieleze tulichokuwa tunafanya mle ndani, maana ukisikia watu wazima wanacheza utadhani ni karata.

Kaka yangu ni mwalimu wa historia, na yeye ndiye aliyetuletea ule mchezo. Hauna ubao wala kete. Kila mtu anachagua mtu wa zamani wa kuwa, kaka anasimulia mahali tulipo na kinachotokea, nawe unasema unafanya nini. Penye shaka, unarusha dadu. Lakini utamu wake, mwenzangu! Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali. Kutwa nzima nimeinamia darubini, natazama damu za watu. Jioni nikikaa kwenye meza ile ya kukatia nguo, ghafla mimi ni mlinzi wa lango, na mji mzima unalala usingizi kwa sababu niko macho.

Ugumu nao haukukosa. Fundi Saa, jirani wa wifi anayetengeneza saa kwenye kibanda cha pembeni, alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, na kila mara alisahau enzi aliyomo.

"Natazama saa yangu," anasema.

Kaka anashika kichwa. "Saa ipi? Hazijafika!"

"Sasa nitajuaje kama nimechelewa?"

Tunacheka mpaka machozi. Ila siku kaka alipompa wifi sehemu ya mtumwa, hakuna aliyecheka. Wifi aliweka mkasi mezani polepole. "Kuna watu walililia hayo, baba watoto. Mimi sichezei kilio cha mtu." Kaka akaomba radhi, na wifi akawa mkunga.

Tulikuwa tunacheza mwaka wa ndui. Ni mji wetu huu huu, enzi ulipokuwa na ukuta. Ugonjwa huo, unaoanza na homa kabla ya madoa, ulipofika mashambani, wazee waliamuru lango lifungwe, na waliokuwa nje wakabaki nje. Halikufunguliwa mpaka ndui ilipopita. Kaka alisimuliwa hayo na vikongwe alipokuwa chuoni, na tangu hapo hakutulia.

Basi. Naingia na sukari yangu, kaka anafunga mlango wa chuma nyuma yangu kwa kufuli, kama kawaida yetu tukicheza. Namwona mwanamke amekaa kwenye kigoda, katikati ya zile sanamu za kuvalishia nguo. Kajifunika shuka mpaka kidevuni, na joto lile! Umri wake sikuupata. Nikasimama nikijiuliza nimwamkieje, nimpe shikamoo au nimwambie habari za jioni tu.

"Marahaba," akasema.

Sikuwa nimefungua mdomo.

Wenzangu hawakuona ajabu. Wifi alikuwa anamnyonyesha mwanawe, kisha akamlaza kwenye kikapu chake kando ya cherehani. Kaka alikuwa anawasha mshumaa. Nikamsogelea wifi.

"Wifi, huyu umemtoa wapi?" nikamnong'oneza.

"Mimi? Si amekuja na Fundi?"

Nikamgeukia Fundi Saa. Akainua mabega. "Nilidhani ni mtu wako wa hospitali. Ah, mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Kazi yangu imenifundisha kutoamini kitu mpaka nikione chini ya kioo, na yule mama nilimtazama vile vile. Nikaona shuka lake lina vumbi jekundu, na mtaa wetu wote una lami. Nikaona chai aliyomiminiwa haipungui, japo kila mara aliinua kikombe. Na chini ya shuka alikuwa amekumbatia kitu. Alikuwa anakibembeleza. Taratibu… mbele, nyuma… mbele, nyuma…

Halafu harufu. Ilikuwa tamu kidogo, kama bandeji iliyokaa siku nyingi bila kubadilishwa. Mtu asiyefanya kazi hospitali angesema ni manukato mabaya.

"Karibu mchezoni," kaka akamwambia kwa furaha. "Utakuwa nani?"

"Mama."

"Sawa. Mama yuko wapi?"

"Nje."

"Nje ya…?"

"Ya lango."

Kaka akafurahi kama aliyepewa zawadi. Akaanza kusimulia: jioni imeingia, mlinzi amelifunga lango kwa ufunguo wake mkubwa wa chuma…

"Halikuwa na ufunguo," yule mama akasema. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu aliyeamka. "Lilikuwa na gogo la kukingamisha. Waliliinua watu wawili. Mmoja alikuwa na kikohozi."

Kaka akamkodolea macho. "Umesoma wapi hayo?"

Alikuwa ananitazama mimi.

"Mlinzi," akasema. "Uko hapo?"

Nikaitika kwa shingo upande. "Nipo."

"Nimekuja tena. Nina mtoto. Hana doa hata moja. Mimi niache huku huku. Mchukue yeye."

Hata Fundi Saa aliacha kuchezea dadu. Nyumba ya pili redio ya betri ilikuwa inaongea, nayo ikafifia, kama imetiwa ndani ya chungu.

Kaka akanong'ona, "Katika historia hakufunguliwa mtu. Lakini huu ni mchezo, dada. Uamuzi ni wako. Rusha dadu ukitaka."

Hapo ndipo penye mtihani wa michezo hii ya zamani. Waliokufa wameshakufa, lakini wewe unaambiwa uamue upya. Moyo unasema fungua. Kichwa changu kilisema: huyu ni nani, na kwa nini anataka niseme mimi?

Ngo, ngo, ngo.

Ilitoka kwenye mlango wa chuma. Chini kabisa, kama anayegonga amepiga magoti.

"Fundi, acha utani," kaka akasema.

Mikono ya Fundi Saa ilikuwa mezani, yote miwili.

"Mlinzi… fungua."

Nilikuwa namtazama yule mama usoni, mshumaa uko kati yetu. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Sauti ilitoka nje.

Nikatazama kikapu kando ya cherehani, nikamwona mtoto wa kaka yangu amelala, ngumi zake ndogo zimefumbwa. Sikuhitaji kufikiri zaidi.

"Silifungui," nikasema. "Nisamehe, mama. Huku nako kuna mtoto."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu aliyezoea.

"Hata yule mlinzi alisema hivyo hivyo," akasema.

Machozi yalikuwa yanamtoka wifi. "Wifi, mfungulie. Ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo, unalia nini?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akanijibu, akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akainuka, akainama juu ya meza, akanyoosha mikono yote miwili. "Mimi ni mkunga. Napanda ukutani. Lango likae lilivyofungwa. Nipe mtoto kwa juu."

"Wifi, usi—"

Yule mama akafunua shuka.

Mshumaa ukazimika.

Kilichokuwa ndani ya shuka sikukiona, na namshukuru Mungu. Nilisikia tu pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo aliobeba kutoka mbali. Kiberiti kikaanguka. Fundi Saa alikuwa anaomba dua kwa sauti ya chini. Kaka akapata kuwasha mshumaa mwingine.

Kigoda kilikuwa kitupu.

Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa, kufuli mahali pake, ufunguo shingoni mwa kaka. Tulimulika chini ya meza, nyuma ya sanamu, ndani ya stoo ya vitambaa. Hakuna mtu. Harufu tu ilibaki, nayo ikapungua taratibu.

Wifi alikuwa bado amesimama pale pale. Mikono ameikunja kifuani, kiwiko kimeinuka, shingo imeinama. Mikono mitupu.

"Mama watoto," kaka akamwita.

"Sema polepole," akajibu. "Amelala."

Tulimketisha, tukamnywesha maji, tukamsihi. Baadaye akatabasamu, akasema alikuwa anatutania. Tukashika hilo kama mfa maji. Kaka akasema yule ni kichaa wa mtaani, kwamba pengine kufuli halikuwa limebana, na yule aliponyoka gizani. Mimi ndiye niliyemwona kaka akilifungua kufuli lile kwa ufunguo wake tulipotoka. Sikubisha.

Fundi Saa hakurudi kucheza. Ukimuuliza, anasema ana kazi nyingi, na macho yake hayatoki kwenye saa anayoifungua.

Mimi niliendelea kumbana kaka, mpaka akasema. Katika simulizi za wale vikongwe kulikuwa na mwanamke aliyekuja langoni kila jioni na mtoto, akiomba mtoto apokelewe. Kaka hakumtia kwenye mchezo. Alisema hakuwa na moyo wa kumsimulia.

"Mwisho wake ulikuwaje?"

"Jioni moja hakuja. Ndivyo walivyosema, basi."

"Na mtoto?"

Kaka akajifanya anasahihisha madaftari ya wanafunzi.

Nikahamia kwao kwa muda, nikisingizia kumsaidia wifi malezi. Ukweli nilikwenda kumchunguza. Mchana alikuwa wifi yule yule, anapima wateja, anagombana na wauza vitambaa, anacheka. Lakini jua likizama… Anamnyonyesha mwanawe mpaka anashiba, anamlaza. Kisha anahamia titi la pili, anakaa na mkono umekunjwa, akitazama chini, akiimba bila sauti. Nilimwona akipangusa kitu hewani, kwa ncha ya kitambaa, kama unavyompangusa mtoto mdomo. Nilimwona akikonda. Kaka naye alimwona. Juzi usiku nilimsikia akimwambia aende kwa daktari, naye akamjibu kwa upole kabisa, "Nikienda, nani atabaki naye?"

Jana magharibi nilikuwa nimempakata mtoto wa kaka, namchezesha kwa kijiko. Wifi alitoka chumbani, amechoka, nywele hazijachanwa. Akasimama mbele yangu.

"Wifi yangu, mlaze huyo kwanza. Nishikie mwenzake kidogo, nikaoge. Mikono imekufa ganzi."

Akanyoosha mikono yake mitupu.

Ningesema hapana. Nilishasema hapana mara moja, na sijui kama nilikosea au nilipatia. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu asiye na mwingine wa kumwomba. Nikamlaza mtoto. Nikanyoosha mikono yangu, nikijiambia nampa moyo tu, hakuna kitu pale, mimi mtu wa maabara…

Mikono ikashuka kwa uzito.

Ulikuwa uzito wa mtoto wa miezi kadhaa, mwenye shingo laini. Sikuona kitu. Lakini kifuani kwangu, kupitia gauni, nilihisi joto. Joto la mtoto aliyelala nalijua. Hili lilikuwa jingine. Lilikuwa linachoma.

"Wifi," nikanong'ona, "huyu ana homa."

Akaniwekea kidole mdomoni, akatupa jicho kwenye kikapu cha mwanawe.

"Shh… najua. Usimwambie kaka yako."