Kihenge Nilichokiziba kwa Mikono Yangu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wanne, mkazi wa Nyasubi hapa Kahama. Sina mume. Aliyekuwa mume wangu yuko hai, anakula na kulala vizuri, na mkimwona sokoni mwambieni nimewasimulia. Sijamsamehe na sitamsamehe! Wale wanaopenda kuwahimiza wenzao wasamehe, wageuze ukurasa.

Nilikuwa nauza vitenge. Miaka ile madukani hamkuwa na kitu... sabuni foleni, sukari foleni, nguo ndiyo usiseme. Kitenge cha Zaire kilikuwa mali. Nilivipeleka minadani Ushirombo na Buseresere, hadi kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mchimbaji akipata chochote anamnunulia mwanamke wake doti mbili bila kuuliza bei.

Mzigo niliupata kwa Mzee Kasongo, mfanyabiashara wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tatizo lilikuwa malipo. Shilingi yetu hakuitaka, maana kule kwao hainunui hata chumvi. Benki nilikwenda, ndugu zangu! Karani akaniambia fedha za kigeni ni za dawa na vipuri, si za vitenge vya akina mama. Ikabidi nifanye kama wenzangu, kukusanya noti za Zaire kidogo kidogo kwa wachuuzi wa Kigoma, waliouza sabuni ng'ambo wakabaki nazo mikononi. Hapa Kahama noti hizo hazikupi hata kiberiti. Haikuwa halali, najua, na sitaki kujitakasa.

Safari ile Mzee Kasongo alinikopesha marobota sita kwa sharti moja. Mtu wangu abaki nyumbani kwake mpaka noti zifike. Ndivyo alivyofanya na wateja wote wa mbali. Akabaki Masanja, mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa na mimba changa. Tulipoagana bandarini aliniambia, "Dada, hizo pesa uje nazo mwenyewe. Usimpe mtu."

Nilicheka. Nikamwambia kabla ya mavuno atakuwa anakula ugali wa mayu, yaani mama yetu, kule Ushirombo.

Vitenge viliisha, lakini noti zilipotimia mimba ilikuwa imefika mwezi wa nane na miguu imevimba. Mume wangu, Baba Shija, akaniambia, "Mama Shija, unataka kuzalia kwenye treni? Lete, shemeji yangu nitamfuata mwenyewe." Nilimpa. Nilimpa kwa mikono miwili! Nilizifunga kwenye mfuko wa unga, nikapiga fundo, akapanda treni Isaka.

Siku ya kumi na moja akarudi. Akaniletea salamu za Masanja... eti amenenepa, eti amebaki kumsaidia mzee kupakia mzigo, atakuja na meli ijayo. Akanipa na kitenge cha maua ya njano, eti Masanja amemletea mtoto atakayezaliwa. Nilikikumbatia nikalia kwa furaha. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alikinunua Tabora, kwa mwanamke niliyemuuzia mimi mwenyewe!

Wiki aliyorudi watu walikuwa wanaweka mtama akiba. Sisi Wasukuma kihenge cha akiba, yaani ghala la nafaka, kikishajaa kinazibwa mdomo kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na hakiguswi mpaka njaa ianze kubana. Anayefungua mapema husemwa kijiji kizima. Na kuchungulia kihenge cha mke mwenzako... hiyo ni aibu isiyosemeka. Baba Shija aliniomba niende shambani, alikokaa mke wake mdogo, Mama Limi, nikamsaidie kuziba. Kihenge hicho mume wangu alikuwa amekijaza yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Je, nilijiuliza kwa nini?

Sikujiuliza. Nilikwenda na tumbo langu. Tulikanda udongo na Mama Limi, tukaimba, tukataniana. Nilipaka mpaka ukawa laini, halafu katikati nikabonyeza kiganja changu kama alama, na mwenzangu akanisifu.

Nikajifungua. Miezi ikapita na Masanja haonekani. Dereva mmoja wa lori akaniletea barua ya Masanja. "Dada, mbona kimya? Mzee amebadilika. Nabeba magunia tangu asubuhi na nalala ghalani." Nilimwonyesha mume wangu. Hakupepesa jicho! Alisema barua hiyo iliandikwa kabla yeye hajafika kule, imechelewa tu njiani. Nilitaka kuamini, nikaamini. Mama yetu alikuwa ameanza kuumwa, na kila nikienda Ushirombo anauliza swali moja, "Ng'wanawane yuko wapi?" Mwanangu yuko wapi? Nami najibu yuko njiani.

Siku moja mchana tulikuwa sote shambani kwa Mama Limi, redio imewekwa kwenye kigoda. Mtangazaji akasema Zaire imefuta noti zake kubwa za zamani, mipaka imefungwa, na wenye noti hizo wamepewa siku chache tu za kuzibadilisha. Mimi nilishusha pumzi. Nikamgeukia mume wangu nikamwambia, "Afadhali ulizipeleka mapema, Baba Shija."

Alisimama, akachukua jembe, akaenda moja kwa moja kwenye kihenge cha Mama Limi.

"Baba Limi, usivunje!" mwenzangu akapiga kelele. "Watu watatuonaje?"

Akapiga. Udongo ukapasuka na kiganja changu kikaanguka vipande vipande. Mtama ukamwagika, kuku wakajaa, majirani wakasimama kwenye uzio. Akazamisha mkono mpaka begani, akatoa mfuko wangu wa unga... na fundo langu vilevile!

Nilimuuliza kwa nini. Alisema alitaka kumfungulia Mama Limi biashara ya vitenge baadaye, na kwamba Masanja ni mwanaume, angejitegemea. Angejitegemea! Nilimrukia nikamuuma mkono. Ana kovu mpaka leo, na kila nikiliona nafurahi.

Alikimbilia Kigoma na mfuko wake, siku zikamwishia hapohapo bandarini. Noti zile watoto walizichezea dukaduka.

Niliuza cherehani yangu na ng'ombe wawili alioniachia baba, nikanunua sabuni na vitambaa vya kaki, kwa kuwa noti hakuna aliyeziamini tena. Kabla sijaondoka mama akafariki. Nilimzika, siku ya nne nikapanda treni.

Mzee Kasongo alihesabu katoni bila kunitazama. Akasema, "Mama, noti zako zingefika kwa wakati, ningekwisha kuzinunulia mahindi. Sikumtesa ndugu yako. Alikula alichofanyia kazi."

Masanja akatoka ghalani, mabega yamechubuka, suruali ameifunga kwa kamba. Hakunisalimu. Aliuliza, "Mayu hajambo?" Akakitazama kitambaa cheusi kichwani kwangu, akaelewa.

"Nilikuambia uje mwenyewe."

Basi. Kutoka pale hadi Isaka hakusema kingine.

Leo Masanja anaishi Buseresere, ana mke na watoto ambao sijawahi kuwabeba. Siku za mnada tukikutana ananiamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama." Haniiti dada. Ananiamkia kama mwanamke yeyote anayepita, nami naitikia marahaba, naendelea na safari yangu. Mume nilimwacha siku ileile ya kihenge, wala simkumbuki kwa wema. Lakini huyu mdogo wangu... nimkasirikie kwa lipi?

Msinihurumie, wasomaji. Sikilizeni tu. Mtu akijiweka rehani kwa ajili yako, usimtume mwingine akamkomboe, hata awe mume uliyezaa naye! Nenda na mimba, nenda na homa, nenda ukitambaa. Na ukishindwa kabisa, dai maandishi ya aliyepokea, yenye jina lake. Mimi sikudai kitu. Nililetewa kitenge changu mwenyewe nikakilia kwa furaha, kisha nikaenda kukanda udongo.