Mawese Kwenye Magurudumu

Gari la Callixte lilizama kwenye matope ng'ambo kidogo ya Kashebere, likanguruma, likatetemeka, likazimika. Kasoki alikuwa kiti cha mbele, leso puani. Tangu asubuhi alikuwa anabana pumzi kama mtu anayepita nyuma ya choo, kwa sababu juu ya mizigo alikaa mkulima mmoja wa Masisi na gunia lake la jibini. Sasa harufu ya klachi iliyoungua ikajiunga na ile ya jibini, na Kasoki akaona kwamba hiyo ndiyo harufu halisi ya vita: kila kilichooza kimepanda gari moja.

Alikuwa Mnande wa Butembo, mwenye duka la sabuni na vitenge kule Walikale. Kwa kinyaa alijulikana. Kanisani alipangusa benchi kabla ya kukaa, na wateja walitania kwamba hata noti zake zinanukia sabuni. Safari hii alikuwa anarudi dukani na katoni ya sabuni, robota la vitenge vipya na mdogo wake, Muhindo, ambaye mzigo wake ulikuwa mmoja tu, nao ulifungwa juu ya paa kwa heshima zote: baiskeli ya milima, ile ambayo vijana wa Goma wanaiita VTT. Ilikuwa na springi mbele, gia za kubadilisha, na matairi ya meno. Jumapili, wenzake walipotoka misa kwenda kunywa, Muhindo na kundi lake walipanda vilima ili wateremke mbio, kisha wakae wakibishana hadi jioni juu ya tairi lipi linashika kwenye majivu ya volkano na lipi linateleza. Mshahara wake wote uliishia humo. Kasoki aliuona ule kuwa ugonjwa, ila angalau ulikuwa ugonjwa msafi, maana baiskeli ilioshwa kuliko mwenyewe.

Milio ya bunduki ilisikika nyuma, upande wa Kashebere. Callixte alichomoa ufunguo, kana kwamba kuna mwizi angeliendesha gari lile, akakimbilia mashambani na abiria wengine. Walibaki wenye mizigo tu.

"Banakuja na barabara," alisema yule mkulima. Jina lake Nzabandora, mtu mrefu, mkavu, mwenye koti lililokosa vifungo. Alikuwa ameshateremsha baiskeli yake mwenyewe kutoka paani. "Kuko kanjia ka mu pori. Kanatokea Kibua. Bakulima banapitaka humo."

"Kako na matope?" Kasoki aliuliza.

Nzabandora alimtazama kwanza. "Mama, ni pori."

Baiskeli yake ilikuwa mifupa mitupu. Haikuwa na mnyororo, pedali wala breki. Fimbo ndefu ilifungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, kwa maana baiskeli za namna hiyo hazipandwi. Zinasukumwa, na mteremko ukija msukumaji huzivuta nyuma kwa fimbo huku akikita visigino. Aliweka gunia lake la jibini juu, kisha akatoa chupa ya mawese na kuanza kupaka magurudumu yake, tairi na rimu, mpaka yakang'aa mekundu.

"Unapakaa ya nini?"

"Matope haishikane, Mama. Inatereza yenyewe. Siye bote tunapakaaka."

Kasoki alitazama robota la vitenge juu ya baiskeli ya Muhindo. Aliyaona matope ya njia nzima yakirukia kitambaa kipya. "Pakaa na ya Muhindo."

"Dada, feri yangu inakamatiaka kwa jante," alisema Muhindo, akionyesha breki zinapobana rimu. "Mafuta ikifika pale, haitakamata."

"Kwani utapanda? Utasukuma. Pakaa."

Bunduki zikalia tena, karibu zaidi. Muhindo akapaka.

Pori liliwameza mara moja. Mvua ya juzi ilikuwa bado inadondoka kutoka majanini, na ardhi ilikuwa inafyonza viatu na kuvitema kwa sauti ya matusi. Siafu walipanda miguuni mwa Kasoki. Nzi wadogo walitafuta pembe za macho yake. Alitema mate, akajifuta, akatema tena, na kila alipoinua kichwa harufu ya gunia la Nzabandora ilikuwa pale pale mbele yake. Walipopumzika, mkulima alikata jibini na kumnyooshea kipande kwa vidole vyenye mawese na udongo. Kasoki alirudi nyuma.

Nzabandora hakukasirika. Alichuma jani pana, akaliweka chini, akaweka kipande juu yake na kusogea kando. Kasoki alikila akiwa amebana pua. Kwake yeye yalikuwa maziwa yaliyofia ndani ya kitambaa.

Kesho yake njia ilifika ukingoni ikaanza kuporomoka bondeni, ndefu, imechimbwa na maji katikati. Chini kabisa palionekana uwazi. Kasoki alikuwa amechoka kunuka, amechoka kunusa, na alichotaka duniani kilikuwa kutoka mle.

"Panda basi, ushuke na mizigo," alimwambia Muhindo. "Si njo kazi yako ya Jumapili?"

"Mawese?"

"Futa."

Muhindo alifuta rimu kwa majani, akaziminya breki pale pale juu, zikashika kidogo. Akatabasamu. Huenda kwa muda ule alisahau vita na dada yake. Alipanda, akainua makalio juu ya kiti kama walivyofanya Goma, akaachia.

Mwanzoni alipita vizuri. Kisha Kasoki alimwona akiminya breki, akiminya tena kwa mikono yote miwili, na baiskeli ikizidi kukimbia kana kwamba haimjui. Mawese yaliyojificha chini ya tairi yalikuwa yametoka na unyevu na kutapakaa rimu nzima. Muhindo aliweka mguu chini, robota likamsukuma kwa nyuma, na kufumba na kufumbua vyote vitatu, mtu, baiskeli na vitenge, vilipotelea korongoni.

Walimkuta amelala chini ya baiskeli. Meno ya gurudumu la mnyororo yalikuwa yameingia kwenye shavu la mguu na kulichana hadi karibu na goti. Ndani ya jeraha mlikuwa na matope, majani, na mafuta mekundu yaliyochanganyika na damu hata usijue kipi ni kipi.

"Dada, kinga yangu?" Muhindo aliuliza, akiipapasa baiskeli.

"Nyamaza."

Kasoki alitapika. Alijifuta mdomo, akarudi, akatapika tena. Kisha akapiga moyo konde, akapasua katoni ya sabuni ambayo alikuwa ameapa haitaguswa kabla ya Walikale. Nzabandora alikinga maji ya mvua kwa jani la mgomba pori, naye Kasoki akaosha jeraha la mdogo wake kwa vidole vyake mwenyewe, akiyatoa majani moja moja, huku Muhindo akiuma mkanda. Alipasua kitenge cha bei na kufunga.

"Hawezi kutembea," alisema. "Na hii kinga imepinda mbele."

Nzabandora alitazama baiskeli yake iliyobeba gunia. Alifungua kamba na kuanza kutoa jibini, duara baada ya duara, na kuzipanga chini ya mti vizuri kana kwamba kuna mtu angekuja kuzichukua. Alibakiza moja tu, akaitia kotini. Kasoki aliona aibu kusimama na robota lake. Akaliacha pia, akabeba sabuni kiasi cha kujaa katika kitambaa alichojifunga kiunoni.

Walimlaza Muhindo juu ya baiskeli ya mifupa, mguu uliojeruhiwa ukielekea nyuma. Nzabandora alishika fimbo ya mbele, Kasoki akasukuma. Hivyo mguu ule ulikuwa puani mwake njia nzima. Jua lilipochomoza baada ya mvua ulianza kunuka, na siku iliyofuata ulinuka zaidi. Kila walipopata maji alifungua, akaosha, akafunga. Homa ilimpanda Muhindo, akawa anabishana na rafiki zake wa Goma juu ya matairi. Kasoki alimjibu kila neno ili asilale. Alijua kwamba kama mguu utaoza kabla ya Kibua, mganga ataukata, na kama hakuna mganga, Muhindo atazikwa nao.

"Sukuma, Mama," alisema Nzabandora.

"Nasukuma."

Kijito kiliwapokea bondeni. Walikunywa kwa pupa, wote watatu. Maji yalikuwa na ladha nzito, lakini kiu haina adabu. Walipopanda kidogo kukifuata kijito ndipo walipoona.

Ng'ombe walilala ndani ya maji na kando yake, kundi zima. Walikuwa wamepigwa risasi. Waliowaua walikata mapaja ya nyuma tu, wakaacha yote mengine yatutumke juani. Nzi walikuwa wengi hata nyama ilionekana kutembea. Kasoki alianguka kwa magoti na kutoa tumboni kila tone alilokuwa amelinywa.

Nzabandora aliegemeza baiskeli kwenye mti na kuingia majini hadi magotini. Alisimama mbele ya ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, akamshika ile pembe.

"Huyu ni Bihogo," alisema. "Ni wangu. Balikuja kuwachukua siku kidogo mbele ya mimi kutoka nyumbani."

Kasoki alielewa taratibu, na kadiri alivyoelewa ndivyo alivyozidi kujichukia. Ile haikuwa biashara. Lile gunia lililomkera tangu Masisi lilikuwa maziwa ya mwisho ya ng'ombe hawa waliolala majini, na Nzabandora alikuwa ameyapanga chini ya mti ili ambebe ndugu wa mtu ambaye hakupokea chakula mkononi mwake. Kinyaa kilimpanda upya, lakini safari hii hakikuwa cha matope wala cha usaha. Kiliwaendea waliofanya hivi, walioshiba paja moja na kuacha mtu bila kitu, kisha kikarudi na kumgusa yeye.

"Papa Nzabandora," aliita.

"Tuende, Mama. Mutoto anakufa."

Waliingia Kibua wakiwa hawatambulikani. Watu walitoka nyumbani, wakakimbia kuwalaki, kisha walipokaribia wakasimama ghafla. Wanawake walivuta ncha za vitenge na kufunika pua. Kasoki aliwatazama akaujua ule uso. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe njia nzima. Nyani haoni kundule mpaka aonyeshwe.

Muuguzi wa kituo cha afya, Mama Consolée, hakufunika pua. Alifungua kitenge, akaukagua mguu toka kifundo hadi gotini.

"Mulikuwa munasafisha na nini?"

"Sabuni."

"Basi utabakia. Goti haitakunjama kama zamani, lakini mguu utabakia." Akamgeukia Muhindo. "Kinga, hapana tena."

Muhindo aligeuza uso ukutani na kulia. Kasoki alimwekea mkono kichwani, akamwacha alie. Yeye ndiye aliyesema paka, na yeye ndiye aliyesema panda. Alijua ataliona goti lile likimkosoa kila siku ya maisha yake.

Walimletea Kasoki beseni la maji na kiti. "Ule mwingine abakie inje kwanza," alisema mwanamke mmoja mlangoni. "Ananuka mubaya."

Kasoki aliliacha beseni, akatoka. Nzabandora alikuwa amekaa chini kando ya baiskeli yake, ameitoa jibini yake ya mwisho kotini na anaikata. Alipomwona, alinyoosha mkono kuchuma jani, kama alivyozoea. Kasoki alikaa naye mavumbini, bega kwa bega, akafungua kiganja mbele yake.

Mkulima alisita. Kisha akaliachia lile jani likaanguka, akaweka kipande mkononi mwake, na wanawake wa Kibua wakimtazama, Kasoki akala bila kubana pua.

"Iko mubaya sana," alisema, machozi yakimtoka.

"Muke wangu, Mama Sophie, pia hapendake," alisema Nzabandora.

Kasoki alimeza, akafungua tena kiganja.

"Katia mimi ingine."